Pawasaplai Kuukuu: Uibadili Sasa au Uiache Iendelee?

Kompyuta nyingi za mezani zinazofanya kazi Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi au Kampala zilishatumika kwingine kabla ya kufika huku. Zilikaa miaka minne, mitano, katika ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba, zikapakiwa kwenye makontena, zikashushwa bandarini na kuingia madukani. Mnunuzi akishaipeleka nyumbani huongeza RAM, huondoa diski ya zamani akaweka SSD, hupuliza vumbi, na mashine inapiga kazi bila shida. Kinachobaki vilevile tangu siku ilipotoka kiwandani ni pawasaplai, lile sanduku la bati la kwenye kona, lenye feni yake na tundu la kuchomekea waya wa umeme. Ndiyo maana swali hili halikauki: imefikisha miaka minane, tisa, kumi, niibadili kabla haijanitia hasara, au niiache mpaka ife yenyewe?

Umri peke yake hautoshi kuihukumu. Pawasaplai ya miaka kumi iliyotengenezwa kwa uangalifu na kampuni inayouzia ofisi naiamini kuliko mpya ya bei ya chini ambayo hakuna anayejua imetoka wapi. Wapo wanaoharibikiwa mazabodi baada ya kubadili, kwa sababu waliondoa kitu kizee kilicho salama wakaweka kipya kilicho hatari. Lakini pia zipo dalili ambazo ukishaziona hupaswi kungoja hata wiki, na wapo watu ambao hawapaswi kungoja dalili kabisa.

Kazi ya pawasaplai ni kuchukua umeme wa ukutani, volti 230 kwa Tanzania na 240 kwa Kenya, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa mkondo mnyoofu: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kinachozeeka mapema zaidi humo ndani ni kapasita, vile vikopo vya mviringo vyenye kimiminika. Joto hukausha kimiminika hicho kidogo kidogo, uwezo wa kapasita kutunza chaji hupungua, na umeme unaotoka huanza kuwa na mawimbi badala ya kutulia. Feni nayo huchoka, mafuta ya kwenye ekseli yake yakikauka na vumbi likiganda kwenye mapanga. Feni ikilegea joto hupanda, na joto likipanda kapasita hukauka haraka zaidi.

Hapa hesabu ndogo inasaidia kuliko maneno mengi. Kapasita nzuri huandikwa nyuzi joto 105 ubavuni, na ya kawaida ya daraja hilo huhakikishiwa kama saa 2,000 kwenye joto hilo. Kanuni inayofuatwa na wahandisi ni kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka maradufu. Kwenye nyuzi 65, basi, kapasita hiyo inaweza kufika saa 32,000. Mwenye steshenari anayewasha kompyuta saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, hutumia karibu saa 3,750 kwa mwaka. Kwake hiyo ni miaka minane na nusu. Sasa acha vumbi lizibe matundu ya hewa, joto la ndani lipande hadi nyuzi 75, na miaka hiyo inashuka kuwa minne na ushei. Na kama aliyetengeneza alibana senti akaweka kapasita za nyuzi 85, kwenye joto lilelile la 65 zinabaki saa 8,000 tu, yaani miaka miwili na kidogo. Hizi ni hesabu za kukadiria, si tarehe ya kufa, ila zinaonyesha kwa nini pawasaplai mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana kabisa kwa afya. Kompyuta ya nyumbani inayowashwa kwa saa tatu tu jioni na ile ya duka la kopi lenye bati juu na feni moja ya ukutani hazizeeki sawa. Swali la kwanza la kujiuliza, kwa hiyo, ni saa ngapi imefanya kazi na katika joto gani.

Kuna saa nyingine ambazo watu hawazihesabu. Ukizima kompyuta lakini plagi ikabaki kwenye soketi iliyowashwa, sehemu ndogo ya pawasaplai inaendelea kutoa volti 5 usiku kucha, ili kitufe cha kuwashia kifanye kazi. Kapasita za sehemu hiyo hazipumziki, na mara nyingi ndizo zinazotangulia kuchoka. Zima soketi ya ukutani kila unapofunga. Ni tabia isiyogharimu chochote, na usiku umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, mashine yako haimo.

Dalili ya kapasita hizo kuchoka inajulikana sana na mafundi. Asubuhi unabonyeza kitufe, hakuna kitu. Unabonyeza tena, feni inazunguka mara moja inasimama. Mara ya nne au ya tano inawaka, na ikishawaka inafanya kazi mchana kutwa bila tatizo. Mwenye nayo huizoea. Wengine huacha kuizima ili wasipate taabu kesho. Huo ni ugonjwa unaosonga mbele, na siku ambayo haitawaka itakuwa siku ya kazi nyingi. Ukifikia hapo, badili.

Dalili nyingine nzito ni kompyuta kujizima au kujiwasha upya inapopewa kazi kubwa, kwa mfano video inapoanza au kadi ya grafiki inapoamshwa na mchezo. Ziko pia za kunusa, kusikia, kugusa na kuona: harufu ya plastiki iliyoungua, mlio mwembamba ambao haukuwepo zamani, hewa ya moto isiyo ya kawaida kutoka nyuma. Zima, chomoa waya, kisha mulika tochi ya simu kupitia matundu ya feni bila kufungua chochote. Kapasita nzima ina kichwa bapa, chenye mikato inayoonekana kama alama ya msalaba au herufi K. Ikiwa kichwa hicho kimevimba, au juu yake kuna ukoko wa rangi ya kahawia uliokauka, umepata jibu lako na huna haja ya kupima zaidi. Ila kutokuona uvimbe hakuithibitishi kuwa nzima, kwa kuwa nyingi hukauka ndani bila kubadilika sura.

Msomaji mwenye UPS azingatie jambo moja linalowachanganya wengi. Umeme wetu una mapigo 50 kwa sekunde, kwa hiyo pigo moja ni milisekunde 20. Viwango vya ATX, ambavyo Intel ilivianzisha mwaka 1995 na vimekuwa vikirekebishwa tangu hapo, vinataka pawasaplai iendelee kutoa umeme safi kwa takribani milisekunde 16 baada ya umeme wa ukutani kukatika. UPS za kawaida madukani kwetu huhitaji milisekunde chache, mara nyingi kati ya 4 na 10, kuhamia kwenye betri. Kapasita kubwa za pawasaplai ndizo zinazoziba pengo hilo. Zikichoka, umeme ukikatika UPS inalia kama kawaida, taa yake inawaka, na kompyuta imezima. Watu hununua UPS nyingine, kisha nyingine. Kabla hujafanya hivyo, chomeka taa ya mezani kwenye UPS na uchomoe plagi ya UPS ukutani. Taa ikizima, betri ya UPS imekufa na pawasaplai haina kosa. Taa ikibaki inawaka na kompyuta ndiyo inayozima kila mara, ishuku pawasaplai. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya grafiki hutumia umeme kidogo sana, hivyo kapasita zikishindwa hata kuibeba hiyo kwa muda mfupi namna hiyo, zimechoka kwelikweli.

Kuna pia lawama ambayo pawasaplai hubebeshwa bure. Mtu anagusa kasha la kompyuta, hasa akiwa pekupeku juu ya saruji, anahisi mkono unatekenywa au unachomwachomwa. Anaambiwa pawasaplai inavujisha. Mara nyingi kinachokosekana ni waya wa ethi. Ndani ya pawasaplai mna vichujio vinavyounganishwa na bati la kasha kwa makusudi, na umeme mdogo sana unaopita humo unatakiwa kushuka ardhini kupitia pini ya tatu. Nyumba isiyo na ethi, ekstensheni ya pini mbili, au plagi iliyolazimishwa kwa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu, humwacha mtumiaji awe ndiye njia ya kwenda ardhini. Ukibadili pawasaplai hapo, mpya nayo itakutekenya vilevile. Mwite fundi wa umeme wa nyumba apime soketi na waya, na usiendelee kuitumia kwa kuizoea, kwa sababu siku kitu kikiharibika kweli ndani ya kasha hutakuwa na kinga.

Vivyo hivyo kujizima kunaweza kutokana na prosesa iliyopata joto kwa kuwa grisi yake imekauka, au RAM yenye vumbi kwenye meno. Windows huandika kwenye kumbukumbu zake tukio la Kernel-Power namba 41, na watu hulisoma kama hati ya mashtaka dhidi ya pawasaplai. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizima bila kuagwa. Halisemi nani aliizima. Safisha kwanza, toa RAM uirudishe, badili grisi ya prosesa, kisha endelea.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, kipimo kimoja kinafaa kufanywa na mtu yeyote mwenye mkono mtulivu. Tafuta ndani ya kasha plagi nyeupe yenye matundu manne isiyotumika: waya mmoja wa njano, miwili myeusi, mmoja mwekundu. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, mguu mweusi kwenye waya mweusi, mguu mwekundu kwenye waya wa njano, kompyuta ikiwa imewaka. Unatakiwa kusoma kati ya 11.4 na 12.6. Kwenye waya mwekundu ni kati ya 4.75 na 5.25. Usitosheke na namba ya mwanzo. Fungua video, nakili faili kubwa, uangalie mita inavyokwenda. Kushuka kutoka 12.1 hadi 12.0 ni kawaida. Ikiteremka hadi 11.5 na kuyumba kila kazi inapoongezeka, imechoka. Namba zinazoonyeshwa na BIOS au programu za kompyuta zichukue kama fununu tu, kwa kuwa vihisio vya mazabodi hudanganya mara kwa mara. Na mita yenyewe haioni yale mawimbi ya haraka yanayosababishwa na kapasita zilizokauka. Hayo huonekana kwa osiloskopu, chombo ambacho mafundi wachache wanacho. Kwa hiyo kipimo kibaya kinaihukumu, kizuri hakiitoi lawamani moja kwa moja.

Wapo mafundi wanaounganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni ikizunguka wanasema nzima. Kipimo hicho kinaonyesha tu kwamba haijafa, kwa sababu haijabeba mzigo wowote. Njia ya uhakika ninayoipendekeza kwa mtu asiye na vifaa ni kuazima nyingine inayofahamika kuwa nzima na kuitumia siku mbili tatu. Fundi muungwana hatakataa ukimwambia, “Fundi, niwekee ya kujaribia kwanza, tatizo likiisha nitailipia.” Anayekataa kujaribu na kukusukuma ununue papo hapo, muage vizuri utafute mwingine.

Tuseme hakuna dalili hata moja, umri tu ndio unaokutia wasiwasi. Hapo pima kilichounganishwa nayo. Pawasaplai nzuri ikifa hujizima kimya, kwa kuwa ina vikinga vya umeme kuzidi na vya shoti; mbovu inaweza kufa kwa kupitisha volti zisizofaa na kwenda na mazabodi na diski. Pawasaplai ya kompyuta ya zahanati yenye kumbukumbu za wagonjwa, ya ofisi ya shule yenye matokeo, au ya chama cha akiba na mikopo, ibadilishwe kwa ratiba ikifika miaka minane hivi ya kazi ya kila siku, hata kama inacheka. Sababu si diski pekee, maana nakala za kumbukumbu lazima ziwepo kwa vyovyote vile, bali ni kazi ya watu kusimama siku nzima fundi akitafutwa. Kompyuta ya nyumbani ya kuandikia na kutazama mtandao, iliyo na nakala za faili muhimu kwingine, iache iendelee. Weka akiba ya fedha ya kununulia pawasaplai nyingine, uisafishe kila baada ya miezi michache. Kwa walio pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, ongeza tahadhari: hewa ya chumvi hula maungio na bati, na kutu ukiiona kwenye skrubu za nyuma, ujue na ndani imefika.

Anayetaka kuongeza kadi ya grafiki asianze na umri, aanze na mzigo. Kompyuta ndogo za ofisi huja na pawasaplai za wati 180 hadi 300 hivi. Kadi kama GTX 1050 Ti, inayotumia wati 75 kupitia mazabodi, huweza kubebwa na nyingi ya hizo za juu. RX 580, yenye kiwango cha wati 185 peke yake, haifai kabisa, na adapta za kugawa umeme wa diski ili kulisha kadi ya namna hiyo ni njia ya kuchoma nyaya.

Sasa ununuzi, na hapa ndipo naomba msomaji awe mgumu. Usisome namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Geuza pawasaplai ubavuni, tafuta jedwali la volti na ampea, uangalie mstari wa volti 12, kwa sababu huo ndio unaolisha prosesa na kadi ya grafiki. Zidisha ampea kwa 12. Ukikuta boksi linasema wati 500 na mstari huo unasema ampea 14, hizo ni wati 168. Ya wati 500 ya kweli huwa na ampea 35 au zaidi hapo. Ipime pia mkononi: nyepesi mno imepunguzwa koili, vipoza joto na vichujio. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza kutolewa mwaka 2004, ina maana kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa ukutani unafika kwenye kompyuta badala ya kugeuka joto. Kwa kuwa stika ni rahisi kuchapisha, angalia kama modeli imo kwenye orodha ya mpango huo mtandaoni. Muda wa dhamana nao unasema kitu: kampuni inayotoa miaka mitano, saba au kumi kwa kawaida haijaweka kapasita dhaifu.

Mfuko ukiwa hauruhusu mpya ya namna hiyo, na kwa wengi wetu hauruhusu, usikimbilie mpya ya bei chee. Tafuta iliyotumika ya kampuni ileile iliyotengeneza kompyuta yako, iliyotolewa kwenye mashine ya umri mdogo zaidi. Tazama tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo, mulika kapasita, sikiliza feni, omba wiki ya kujaribu. Kwa kompyuta nyingi za ofisi hiyo pia ndiyo njia rahisi, kwani si kila pawasaplai inaingia kila kasha. Dell OptiPlex 7020 na 9020 zina plagi kuu ya pini 8, HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6, na zile nyembamba zina sanduku la umbo lake. Ya kawaida yenye pini 24 haitaingia bila adapta, wakati mwingine hata skrubu hazikutani. Nenda dukani na ya zamani mkononi, au na picha ya lebo, ya plagi zote na ya umbo lake.

Wanaoishi kwenye umeme mdogo, ambako jioni taa hufifia kila mtu akiwasha pasi na jiko, watafute iliyoandikwa volti 100–240. Hiyo huvumilia kushuka kwa umeme kuliko zile za zamani zenye swichi nyekundu nyuma. Na kuhusu swichi hiyo: mashine iliyotoka Marekani huja imewekwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye soketi yetu, utasikia mlipuko na moshi ndani ya sekunde, na kapasita kubwa zitakuwa zimepasuka. Isogeze hadi 230 kabla ya kuchomeka, uweke na utepe juu yake watoto wasiichezee.

Je, ya zamani inaweza kutengenezwa? Kubadili feni inawezekana, na kwa pawasaplai nzuri yenye tatizo hilo tu ni matengenezo yanayolipa. Kubadili kapasita kunawezekana pia kwa fundi wa elektroniki mwenye kapasita mpya za nyuzi 105. Akitaka kukuwekea alizochomoa kwenye televisheni iliyokufa, kataa. Wewe mwenyewe usifungue. Ndani, baada ya umeme kugeuzwa mnyoofu, mna volti zaidi ya 300, na kwenye aina nyingi za kisasa karibu 400, ambazo zinaweza kubaki kwenye kapasita kubwa hata baada ya waya kuchomolewa.

Siku ya kubadili, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili kumaliza chaji, piga picha kila plagi ilipo kabla ya kuitoa. Kama mpya ina nyaya zinazochomoka pande zote mbili, tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Nyaya za pawasaplai nyingine huweza kuingia vizuri kabisa huku mpangilio wa pini ukiwa tofauti, na volti 12 zikapelekwa mahali pa volti 5. SSD haipiti hapo ikiwa hai. Ukishawasha, rudia kipimo cha mita kwenye waya wa njano na mwekundu, andika namba na tarehe kwenye karatasi uibandike ndani ya kasha, ili atakayepima baada ya miaka mitatu awe na cha kulinganisha.

Ya zamani, ikiwa imekufa, mpe fundi achukue feni, nyaya na soketi yake. Ikiwa bado inapumua lakini umeitoa kwa dalili, iandike kwa kalamu nzito kuwa ni mbovu kabla hujaiweka stoo, kwa maana kuna siku mtu ataikuta, ataiona safi, na atafurahi kuifunga kwenye kompyuta ya mwanawe.